Slaidi Isiyowaka

Hadubini niliyoitumia Kigoma ilikuwa ya TB, ile yenye taa ya buluu: makohozi yakipakwa rangi ya auramini, vimelea vinawaka kwenye giza. Nami nilikuwa na kingamwili mbili, yaani protini zinazonasa kitu maalumu: ya kwanza hunasa alama ya DNA iliyokatika, ya pili huishika ya kwanza. Rangi ya floresini kwenye hiyo ya pili nayo huwaka kwa mwanga huo huo, nikaona nijaribu. Mwenye hadubini, dada mteknolojia wa maabara aliyenizidi umri na uzoefu, alikubali kwa sharti moja: slaidi za wagonjwa kwanza.

Kingamwili ya kwanza ndiyo iliyobeba kazi. Hushika H2AX, mojawapo ya histoni, protini ambazo DNA huzungushiwa, lakini haiishiki wakati wote. Nyuzi zote mbili za DNA zikikatika mahali pamoja, vimeng'enya kama ATM huibandika H2AX ya jirani fosfeti kwenye asidi amino yake ya 139, serini, ndani ya dakika chache. Kundi la William Bonner huko Marekani lililieleza hilo mwaka 1998. Isiyo na fosfeti, kingamwili huipita hivi hivi.

Miaka hiyo Kigoma ilikuwa bado haijaungwa na gridi ya Taifa. Umeme ulikatika usiku, na asubuhi dada yule akaniita. "Mdogo wangu, dawa yako imeharibika. Barafu yote ngumu, yenyewe maji." Alikuwa ameshaitenga atupe. Nikamweleza kwamba imechanganywa na gliserini nusu kwa nusu, makusudi isigande hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa sababu kuganda na kuyeyuka mara kwa mara ndiko kunakoiua. Alinitazama kama mtu anayeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Damu alinitoa yeye. Tukatenga chembe nyeupe, maana nyekundu huimaliza upesi peroksaidi, kemikali tuliyotaka ikate DNA. Fungu moja likatiwa peroksaidi kidogo, jingine halikutiwa kitu. Tulipokuwa tunasubiri kingamwili ishike tukaenda kula ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, na sijutii saa ile hata kidogo.

Slaidi ya peroksaidi iliwaka, viini vimejaa nukta za kijani. Vijana wa zamu wakapiga picha kwa simu. Dada hakusogea.

"Isiyotiwa peroksaidi iko wapi?"

Nikaiweka. Nukta moja moja, viini vingi havina kitu.

"Na hiyo ya pili yenye rangi, kama inajinatia tu popote? Kwenye makohozi hata uchafu huwaka."

Nilikuwa na slaidi ya tatu, isiyopakwa kingamwili ya kwanza. Sikutarajia kuombwa; watu wengi wakishaona kijani wameridhika. Nikaiweka. Giza tupu. Akaihamisha taratibu, uwanja baada ya uwanja, kama anavyosaka vimelea, akaipa muda mrefu kuliko alioipa ile inayowaka.

"Haya, kumbe nzima," akasema. "Toa slaidi zako, kuna makohozi yameletwa sasa hivi kutoka Ujiji."