Siku moja maishani mwangu: karafuu mbichi juu ya kioo cha skana

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Niko Kizimbani, Unguja. Babu mwenye shamba ananikatia vishada vya karafuu. "Mwanangu, hizi hazijapea." Naam babu, ndizo nizitakazo kwa picha zangu, ninazozipiga kwa skana, ile mashine ya kunakili karatasi, badala ya kamera: chini kijani, juu wekundu ndio kwanza unaingia. Zikishaanikwa zote huwa kahawia, na watoto wengi wa mjini wanaijua hiyo tu.

Saa mbili. Nyumbani. Vikonyo kwenye glasi ya maji, kisha naufuta umande kwa kitambaa laini. Tone moja likigusa kioo, linatoka doa.

Saa tatu. Napanga. Maua hulazwa kifudifudi, kwa hiyo ninachokitanguliza ndicho kitakachoonekana mbele, na cha kulia kwangu kitatokea kushoto. Mfuniko nauacha wazi, nafunga madirisha na kuzima taa: giza la chumba ndilo linalotoa mandharinyuma nyeusi. Skana yangu ni ya aina ya CCD, yenye lenzi na vioo ndani. Zile nyembamba za CIS huona vizuri kilichogusa kioo tu, na kishada cha karafuu hakilali bapa. Kwenye yangu, matumba ya karibu yanatoka makali, ya nyuma yanafifia taratibu gizani. Naipenda sana picha hiyo.

Naskani kwa nukta 1200 kwa inchi. Tumba la sentimita moja na nusu linapata pikseli kama 700, hata vitundu vya mafuta kwenye ngozi yake vinaonekana. Taa inatambaa polepole. Jani likilegea katikati ya safari hiyo, ukingo wake unatoka na michirizi ya rangi.

Saa saba. Sala, wali, usingizi kidogo.

Saa tisa. Kufuta vumbi na chavua kwenye picha, punje kwa punje. Rula niliyoilaza pembeni siifuti, maana inaonyesha ukubwa halisi. Kule kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, sampuli kavu za mimea zilikuwa zikiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi kwa skana iliyopinduliwa, sampuli ikiinuliwa kuifuata, ili isipinduliwe ikapukutika. Kazi kubwa ile, lakini mmea mkavu umeshapoteza rangi. Nataka mimea ya Unguja iskaniwe ikiwa mibichi.

Saa kumi na mbili. Namtumia mwalimu anayetengeneza mabango ya darasani. Kesho zamu ya mlangilangi, mti wa maua ya manukato, nayo lazima yachumwe alfajiri.