Nusu gari

Mama alipoliona mara ya kwanza alilizunguka, akachungulia ndani, akaniuliza: "Sasa mwanangu, hiyo nusu nyingine inakuja lini?"

Sikumbishia. Eunos Roadster ya mwaka 1991, ambayo nje ya Japani wanaiita Mazda MX-5, ina viti viwili, paa la turubai, na buti inayomeza begi moja na ndoo ukiisukuma kwa ubishi. Kwenye foleni, tairi la daladala linakuwa sawa na uso wangu. Aliyeniuzia aliapa halina kutu; fundi wangu aliingiza bisibisi chini ya mlango, ikazama kama kwenye papai.

Vijana huuliza linakimbiaje. Nikiwaambia cc 1600 wanacheka: "Kaka, hiyo si Carina?" Kwa ukubwa wa injini, ndiyo. Nguvu ni kama za farasi 120 tu. Subaru ya jirani yangu, ile yenye turbo, inaniacha hata gia ya tatu sijaingiza. Tumeshindana mara moja, yatosha.

Ila jirani huyo huyo sijamwona akipanda nayo Lushoto, kule milima ya Usambara. Na mimi gari langu nililielewa Lushoto.

Nilitoka Dar saa 10 alfajiri, Jumamosi. Barabara kuu sina la kuisifia: upepo, malori, na matuta ninayoyavuka kimshazari, tairi moja moja, nikisikilizia sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, lisikwaruze. Mombo, chini ya mlima, nikasimama kushusha paa. Hapo kuna adabu yake. Kioo cha nyuma ni plastiki na kimeshonewa zipu; unafungua zipu kwanza, unakilaza taratibu, ndipo unaachia lachi mbili za mbele. Ukiwa na haraka plastiki inapasuka, na Ilala nzima hutaipata nyingine.

Kisha kona zikaanza. Barabara ile ni nyembamba, mlima mkono huu, korongo mkono ule, Hiace inakuja inapiga honi kabla hujaiona. Unaingia kona kwa gia ya pili: vidole vya mguu vimebana breki, ubavu wa mguu huo huo unagusa mafuta kidogo ili injini ipande na gia iingie bila kushtuka. Mkono wa gia ni mfupi, na safari yake kutoka gia hadi gia haizidi urefu wa kidole gumba. Inaingia kwa mlio mkavu, kama kufuli zuri. Kuna siku nabadilisha gia nikiwa nimeegesha, kwa raha tu. Usimwambie mama.

Langu halina pawa stelingi. Mchanga ukiwa umemwagika kwenye kona, viganja vinajua kabla ya macho. Matairi ya mbele yana kazi ya kukata kona tu, ya nyuma ndiyo yanasukuma, na injini imerudishwa nyuma hivi kwamba uzito unakaribia kugawana nusu kwa nusu mbele na nyuma. Kwa hiyo gari halizunguki mbele yako wala nyuma yako. Linazunguka kiunoni mwako. Na yote haya kwa kilomita 50 kwa saa! Subaru ya jirani kwa mwendo huo inapiga miayo. Mwendo inaouchangamkia yenyewe ni wa kesi kwa trafiki.

Haya hayakutokea kwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Bob Hall, mwandishi wa magari kutoka Marekani, alimwambia Kenichi Yamamoto wa Mazda kwamba dunia imekosa gari dogo la wazi, jepesi, mfano wa yale ya Waingereza kama Lotus Elan. Yale yalipendwa sana, na yalivuja sana. Timu ya Toshihiko Hirai, mhandisi wa Mazda, ikachukua raha ikaacha ugonjwa. Kauli yao ilikuwa jinba ittai, farasi na mpandaji kuwa mwili mmoja. Gari lilipooneshwa Chicago mwaka 1989 lilikuwa halifiki hata tani moja. Chini yake kuna boriti ya alumini inayofunga giaboksi na difu (ile inayogawia matairi ya nyuma nguvu) pamoja, visijipinde unapokanyaga mafuta. Ndiyo maana jibu linakuja pale pale. Wengi wanaosema "gari hili lina roho" wanaisifia boriti ile bila kujua.

Halafu taa. Zinalala ndani ya boneti, ukiwasha zinaibuka. Pale Soni, nikinunua mapeasi, watoto walinizingira: "Fungua macho! Fungua macho!" Nikafungua, nikafumba, nikafungua. Labda mara 20.

Labda ndiyo iliyoniponza. Usiku, nikitoka kula Lushoto mjini, moja ikagoma kuibuka. Kijana wa bodaboda akaja anacheka: "Bro, gari lako linakonyeza." Akanimulikia kwa simu. Juu ya mota ya kila taa kuna kifuniko kidogo cha mpira. Ukikitoa unakuta kitasa cha kuzungusha kwa vidole. Nikazungusha, nikazungusha, taa ikapanda kidogo kidogo kama jicho la mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Watengenezaji waliliwaza hilo mapema, usiku kama ule, na mtu kama mimi.

Mota ilikuwa imekufa kweli, kwa hiyo asubuhi taa moja ililala, nyingine ikabaki wima, nikateremka nayo hivyo hivyo hadi Dar. Mama alikuwa kibarazani. Akaliangalia muda mrefu.

"Hata usingizi," akasema, "linalala nusu."