Riwaya yangu ya kwanza na maji ya Dunga

Jana usiku nilikamilisha rasimu ya kwanza ya riwaya yangu, baada ya miaka mitatu ya kuandika alfajiri kabla ya kwenda kazini hapa Kisumu. Kisa chake kinatokea wakati wa mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 1961, ambazo kufikia 1964 zilikuwa zimelipandisha Ziwa Viktoria kwa zaidi ya mita 2. Takwimu hizo nilizipata mapema. Kilichonichelewesha ni kutojua jinsi mtu aliyeishi ufuoni alivyoyaona maji hayo yakija.

Katika sura ya nne nilikuwa nimeandika kwamba ziwa liliingia kijijini usiku mmoja kwa kishindo, watu wakatimua mbio. Nilipomsomea sura hiyo bibi mmoja wa Dunga, kijiji cha ufuoni hapa Kisumu, ambaye wakati wa mvua hizo alikuwa msichana, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akachukua mkongojo wake na kuchora mstari vumbini.

"Mjukuu wangu, halikuja hivyo. Lilikuja polepole. Leo limefika hapa, wiki ijayo hapa, nasi tunahamisha kuku, kisha mahindi, kisha mama yetu mgonjwa."

Akachora mistari mingine mitano, wa mwisho ukigusa ncha ya kiatu changu.

Niliifuta sura nzima, kurasa 31, na iliniuma kwa kuwa niliipenda mno. Niliyoiandika badala yake haina kishindo chochote. Ina mama anayeamka kila asubuhi kupima kwa kijiti umbali uliobaki kati ya maji na jiko lake.