Kuvunja kamati: miaka 15 ya kuongoza uhusiano na wafadhili

Nilikabidhiwa kazi hii mwaka 2010 bila kuiomba. Nilikuwa mhasibu msaidizi katika shirika dogo lenye ofisi ya vyumba vinne Temeke, linalojenga vyoo na kuchimba visima katika shule za msingi za Dar es Salaam na wilaya jirani ya Mkuranga, na aliyekuwa akiwaandikia wafadhili alikuwa ameondoka ghafla baada ya kupata ajira kwingine. Mkurugenzi wetu, ambaye sote tulimwita Mama, aliniita ofisini kwake, akaniwekea mezani mafaili saba, kila faili la mfadhili mmoja, akasema, "Mwanangu, wewe ndiye unayejua fedha zao zimekwenda wapi. Basi waambie." Hayo ndiyo yalikuwa maelezo yote ya kazi niliyopewa, na mpaka leo sijapata mengine yaliyo bora.

Nilitumia wiki nzima kuyasoma mafaili hayo. Matano kati yake yalikuwa na mpangilio uleule: andiko la mradi lenye maneno mazuri, barua ya shukrani iliyoandikwa siku fedha zilipoingia benki, kisha kimya cha miezi mingi, kisha andiko jingine la kuomba. Taarifa za robo mwaka zilikuwa zimechelewa, nyingine hazikuandikwa kabisa, na mfadhili mmoja alikuwa ametukumbusha mara tatu kwa upole uliokuwa ukipungua barua hadi barua. Hakuna senti iliyoibwa. Vyoo vilijengwa na watoto walikuwa wakivitumia. Ila hakuna aliyewarudia wenye fedha na kuwaeleza.

Wakati huohuo nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya binamu yangu kule Mbagala. Mkazi yeyote wa Dar es Salaam anaijua shughuli hiyo: kadi ya mchango inakufikia, unaandika ahadi, vikao vinaitishwa kila Jumapili, mweka hazina anasoma majina, na ahadi ama inageuka taslimu ama haigeuki. Lakini kinachoamua kama watu hao watachanga tena siku nyingine si uzuri wa harusi, bali ni siku ya kuvunja kamati, pale wanakamati wanapokutana baada ya sherehe, wakala pamoja, na mweka hazina akasimama na karatasi yake kusoma kwamba zilikusanywa kiasi hiki, ukumbi umechukua kiasi hiki, vinywaji vimezidi bajeti kwa sababu hii, na kilichobaki wamekabidhiwa maharusi. Nimeshuhudia harusi ya kupendeza ikiacha ugomvi wa miaka kwa sababu hesabu haikusomwa, na nimeshuhudia nyingine iliyoishiwa chakula saa nne usiku ikisamehewa kwa sababu mweka hazina alisimama akaeleza kosa lilikotokea. Mafaili yaliyokuwa mezani kwangu yalikuwa ya kamati ambazo hazijawahi kuvunjwa.

Sikuanza na programu yoyote ya kompyuta. Nilinunua kauntabuku, nikaipiga mistari, na kwa kila mfadhili nikaandika mambo manne: alichotupa, tulichomwahidi na tarehe yake, nani ofisini kwake anayeamua na nani anayesoma taarifa zetu (mara nyingi si mtu mmoja), na mara ya mwisho aliposikia kutoka kwetu jambo lisilohusu kuomba fedha. Katika kamati ya harusi ahadi inayofuatiliwa ni ya mchangaji. Katika kauntabuku yangu ahadi zilizofuatiliwa zilikuwa zetu sisi. Safu ya nne ikikaa tupu miezi mitatu, niliandika barua hata kama habari ilikuwa ndogo, kwa mfano kwamba mvua za masika zimesimamisha ujenzi kwa wiki mbili na mchanga umelowa. Mwenzangu mmoja alinicheka kwa barua hiyo ya mchanga. Mfadhili aliyeipokea aliijibu siku hiyohiyo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa taarifa zetu za kurasa 30.

Jaribio lililonifunza kazi hasa lilikuja mwaka 2013, kwenye shule moja ya Kigamboni. Mfuko mmoja wa familia kutoka Ujerumani ulikuwa umetoa fedha za kisima kirefu, tulikuwa na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, mtambo ulichimba, maji yakatoka kwa nguvu, walimu wakapiga makofi, na fundi aliyeonja wa kwanza akatema. Yalikuwa ya chumvi. Wanaokaa karibu na bahari katika jiji hili hawatashangaa, na majibu ya maabara hayakufanya zaidi ya kuthibitisha alichokwisha kutuambia ulimi wa fundi. Tatizo ni kwamba kibao chenye jina la mfuko ule kilikuwa kimeshachongwa, na wageni walikuwa wamekata tiketi za kuja kukizindua baada ya wiki sita.

Kikao tulichofanya siku iliyofuata sitakisahau. Mmoja wetu alipendekeza tuchimbe kisima kingine upande wa pili wa shule kwa kuazima fedha za mradi wa Mkuranga, tuzirudishe baadaye, na suala lisijulikane. Mwingine alisema tufunge tenki na mabomba kama ilivyopangwa, wageni waone maji yakitiririka, kwa kuwa maji ni maji. Nilikuwa mhasibu kabla ya kuwa mtu wa wafadhili, nikajua kwamba fedha yenye masharti ikishaazimwa hairudi kwa njia ileile, na mkaguzi wa hesabu ataikuta. Nikaomba ruhusa ya kuandika barua. Mama alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Na wakitaka fedha yao?" Nikamjibu kwamba watakuwa na haki.

Barua ile niliiandika mara tano. Rasimu ya kwanza ilikuwa na aya mbili za kusifu ushirikiano wetu kabla ya kufika kwenye chumvi, nikazifuta. Iliyokwenda ilisema katika sentensi ya kwanza kwamba kisima kimetoa maji yasiyonyweka, ikaeleza ni kiasi gani kilikuwa kimeshatumika na kiasi gani kimebaki, ikaweka njia tatu na gharama ya kila moja, ikasema sisi tungependelea ipi na kwa nini, na ikaomba uamuzi wao kabla hatujatumia shilingi nyingine. Jibu lilichukua siku tisa. Kila asubuhi Mama alinikuta mlangoni na neno moja, "Wamejibu?"

Walipojibu, waliuliza swali moja tu: kwa nini upimaji wa awali haukuonyesha hatari hiyo? Hapo ndipo nilipotoka jasho, kwa sababu upimaji ulikuwa umeionyesha. Mtaalamu alikuwa ameandika katika ripoti yake kwamba uwezekano wa chumvi upo, na sisi ofisini tuliiacha sentensi hiyo nje ya andiko la mradi ili tusiwatishe. Barua ya pili, ya kukiri hilo, ilikuwa fupi kuliko ya kwanza na ngumu zaidi.

Hawakudai fedha zao. Walikubali kiasi kilichobaki kitumike kufunga michirizi kwenye mapaa ya madarasa na matenki ya kuvuna maji ya mvua, na maji ya kisima yatumike kumwagia vyooni. Lakini safari ya uzinduzi waliifuta, na mwaka uliofuata hawakutupa ruzuku. Nalieleza hili wazi kwa sababu nimesikia wenzangu wakiwafundisha vijana kwamba ukisema kweli unalipwa papo hapo, si hivyo. Waliturudia mwaka 2015, wakiwa na sharti kwamba ripoti za wataalamu ziambatanishwe nzima kwenye kila andiko. Tukaligeuza sharti hilo kuwa utaratibu kwa wafadhili wote, pamoja na ukurasa mmoja wa yale yanayoweza kwenda mrama, ukurasa ambao baadhi yao huusoma kwanza.

Mambo mengine niliyajua kwa mikasa midogo. Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walipiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, na kufikia asubuhi pauni ilikuwa imeporomoka dhidi ya dola hadi kiwango kisichoonekana kwa miaka 30. Awamu ya pili ya ruzuku yetu ya Mkuranga ilikuwa kwa pauni na bado haijatumwa. Sikumwandikia mfadhili habari za soko la fedha, maana alizijua kuliko mimi. Nilimwandikia kwamba matundu 20 ya vyoo sasa ni 18, na kwamba tunaomba mkataba urekebishwe hivyo. Akakubali. Tangu hapo hakuna mkataba ninaoupitisha bila kifungu kinachosema tofauti ya kubadilisha fedha itabebwa na nani.

Kuhusu ziara, nina msimamo ambao umeniletea maneno: siruhusu watoto watolewe darasani kumwimbia mgeni. Mgeni anafika akiwa ameshachoka na foleni ya barabara ya Kilwa, anapigiwa ngoma saa nzima, anapigwa picha, anaondoka bila kufungua mlango wa choo hata mmoja. Mimi humpeleka moja kwa moja vyooni, namwacha na mwalimu wa afya wa shule, na kama kitasa kimekatika nataka akione.

Mwaka 2018 zilitoka kanuni zilizoyataka mashirika yasiyo ya kiserikali kutangaza hadharani fedha zinazozidi shilingi milioni 20 na kuwasilisha mikataba ya ufadhili serikalini. Wenzangu wengi walilalamika, na gharama ya tangazo la gazeti kwa shirika kama letu si jambo la kupuuza. Kwangu shida kubwa ilikuwa ratiba, kwa kuwa mfadhili anataka kazi ianze wiki ijayo wakati mkataba bado uko kwenye meza za Dodoma. Nilijifunza kumweleza hilo kabla hajatia saini.

Kisha ukaja mwaka 2025. Tarehe 20 Januari, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90. Sisi hatukuwa na mkataba moja kwa moja na USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani. Tulikuwa wabia wadogo chini ya shirika kubwa, na barua ya kusimamisha kazi ilitufikia kupitia kwao, mafundi wakiwa juu ya kenchi katika shule mbili. Zile siku 90 hazikuleta fedha, na kufikia Julai mosi USAID yenyewe ilikuwa imefungwa. Nilikaa na kauntabuku yangu (wakati huo ilishakuwa jedwali kwenye kompyuta, ingawa jina halikubadilika) nikaangalia safu zote nne za mfadhili huyo. Zilikuwa zimejaa. Taarifa zilikwenda kwa wakati, ahadi zilitimizwa, watu wao walitufahamu kwa majina, na hakuna lolote katika hayo lililokuwa na uwezo wa kuirudisha ile barua. Nilichopaswa kukiona mapema ni kwamba karibu theluthi ya bajeti yetu ilining'inia kwenye uzi mmoja, na hilo lilikuwa jukumu langu kulisema kwenye bodi. Nililisema mara moja, kwa sauti ndogo, mwaka ambao fedha zilikuwa nyingi.

Wachangaji wa hapa nyumbani tulianza nao mwaka 2019: wazazi, waliosoma katika shule hizo zamani, wenye maduka Mbagala na Kariakoo. Kampuni chache ziliniuliza kuhusu unafuu wa kodi, nikawaeleza kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani kupunguzwa kwenye mapato kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na kwamba kusajiliwa kama shirika hakutoshi, sharti Mamlaka ya Mapato (TRA) ikutambue kwa maombi ya peke yake. Wengi wao, hata hivyo, ni watu wanaotuma shilingi 5,000 au 10,000 kwa M-Pesa, na hao hawahitaji taarifa ya kurasa 30. Kwa hiyo kila Desemba tunavunja kamati. Tunakutana kwenye uwanja wa shule mojawapo, pilau inapikwa, nami nasimama na karatasi za manila zilizobandikwa ukutani nasoma mapato na matumizi mpaka mfuko wa mwisho wa simenti.

Michango yao ya mwaka 2025 haikuziba hata sehemu ya kumi ya pengo. Ilitosha kumalizia matundu sita katika shule moja ya Mbagala. Nilipomaliza kuisoma hesabu hiyo, mzee mmoja mstaafu wa bandari, ambaye hajawahi kukosa kutuma elfu kumi yake kila mwisho wa mwezi, alinyoosha mkono.

"Mwanangu, nimetoka kuyaona. Matundu ni sita, milango mitano."

Nikamwambia, "Ni kweli, mzee. Lori la mchanga lilipanda bei, fedha ya mlango wa sita ikaenda huko."

"Mbona kwenye karatasi hukuandika?"

Nilichukua kalamu ya wino mzito, nikaandika mbele yao wote kwenye manila, chini ya matumizi, kisha usiku nikafungua kauntabuku na kuuingiza mlango ule kwenye safu ya ahadi zetu, tarehe 31 Januari.