Kuharakisha kutu kwenye geti la chuma

Wateja wanaotaka geti lenye rangi ya kutu tangu siku ya kwanza wapo hata hapa Mwanza, na baadhi yao hudhani kwamba kukiacha chuma karibu na ziwa kunatosha. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi ya kutosha kupitisha kwa wepesi mikondo midogo ya umeme inayokula chuma, ndiyo maana chuma cha ufukweni Tanga huoza mapema kuliko chetu.

Kazi kubwa iko kwenye usafi. Chuma kipya huja na mafuta na gamba jeusi linalozuia maji, hivyo kisugue kwa msasa hadi king'ae, kisha kioshe kwa sabuni. Kama kimepakwa zinki, iondoe yote, lakini usiichome, kwa kuwa moshi wake huleta homa.

Mimi hupulizia siki kwanza, huiacha ikauke, kisha hupulizia nusu lita ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 iliyochanganywa na vijiko vinne vikubwa vya siki na kijiko kidogo kimoja na nusu cha chumvi. Povu huchemka, na rangi ya chungwa hujitokeza ukitazama. Rudia juani, kwa sababu kulowa na kukauka kwa zamu hushinda kuzamisha chuma majini, ambako oksijeni ni haba. Dawa ya klorini ya kufulia usiichanganye kamwe na siki, kwani hutoa gesi ya sumu. Mchanganyiko uliobaki nao usiufungie chupani, maana huweza kuipasua.

Rangi ikikuridhisha, suuza chumvi yote, kausha, kisha paka vanishi.