Nitembee niende wapi?

Kuna bibi mmoja wa Mikindani kaniuliza swali kliniki nikakosa jibu, na mimi ndo nesi. Presha yake ilikuwa 160 kwa 100, nikamwambia yale yale nnayowaambia wote, bibi vidonge peke yake havitoshi, tembea, Shirika la Afya Duniani wanasema angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano. Akaniangalia weee. "Mwanangu, nitembee niende wapi?"

Na kweli jamani, huku kwetu mtu mzima hatembei bure. Ukionekana asubuhi umekaza kanga huna jembe huna ndoo, kila mlango unaopita wanakuuliza kwema? Kuna msiba? Mtu kapalilia mikorosho tangu usichana wake halafu mie namletea habari za mazoezi, lazima anione mtoto wa mjini tu.

Nikaona tasbihi mkononi mwake. Nikamuuliza, bibi ukishaswali alfajiri unaleta uradi umekaa? Ndio. Basi kukishapambazuka toka nao, pita kandokando ya ghuba, subhanallah 33, alhamdulillah 33, Allahu akbar 34, nenda hivyo hivyo urudi. Akacheka, ila hakukataa. Tena uradi wenyewe ni kipimo: mwendo unaotakiwa ni ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba, sasa ukiweza kupiga kaswida nzima unajikokota, na ukishindwa kumaliza hata subhanallah moja umezidisha, punguza. Wagonjwa wangu Wakristo nawaambia hivyo hivyo na rozari. (Vidonge mtu asiache lakini, maana wapo wakisikia ibada tu dozi wanaitupa, na kifua kikibana simama njoo zahanati, usisubiri umalize uradi.)

Jumamosi ikabidi niende naye maana aliniambia wewe unasema tu hutembei. Mie na raba zangu, yeye na yeboyebo, maji yametoka hadi mikoko inaonyesha mizizi. Mwanzo kimya, yeye na tasbihi yake. Tulivyofika kwenye mbuyu akaanza tu mwenyewe, kwamba tangu atoke eda hajatembea hivi, kwamba yeye na marehemu wote walikuwa na presha na walikuwa wanameza vidonge pamoja, mzee ndo anamimina maji, kikombe kimoja wanapokezana. Sasa akishika kile kikombe usiku koo linakaba, anarudisha vidonge kwenye pakiti.

Kwenye kadi yake nimeandika "hamezi dawa ipasavyo" mara tatu, kwa mkono wangu, na mara zote tatu sikumuuliza kwa nini.

Tumekubaliana dozi ahamishie asubuhi, akitoka kutembea, ameze na maji ya chupa aliyobeba njiani. Kile kikombe kakiweka kabatini.