Mapaja Baada ya Kahuzi

Kupanda ngazi leo hakunisumbui hata kidogo. Kushuka ndiko kunanitoa machozi. Na nyumba tunayopanga hapa Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, iko chini ya barabara, kwa hiyo kurudi kutoka kazini ni kushuka, kununua mkate ni kupanda halafu kushuka tena. Jirani ameshaniuliza kama nimeanza uzee.

Juzi tulipanda Kahuzi. Mlima una mita 3,308, nasi wa Bukavu tunaishi kwenye mita 1,500 na kitu, tumezoea vilima tangu utotoni, tukaona haitakuwa shida. Gari linakupandisha sana kabla hujaanza kutembea. Njia iliyobaki si ndefu, ila imesimama. Unaanza na miti mikubwa, unaingia kwenye mianzi, na humo ndimo maneno yalipotuisha. Udongo mweusi, umelowa, juu yake majani yanayoteleza. Mwanzi mbichi ukiushika unapinda lakini unakubeba. Uliokauka unafanana nao, umepauka kidogo tu, na ukiuegemea unakatikia mkononi. Pisteri, yaani mfuata nyayo wa hifadhi, aliyetuongoza alikuwa akigonga kila mwanzi kwa mgongo wa panga kabla ya kuushika. Tok. Anasikiliza, anaushika au anauacha. Baada ya muda kundi zima lilikuwa linagonga mianzi kwa fimbo, kelele tupu, sijui masokwe walituwazia nini.

Juu ya mianzi kuna vichaka vya baridi, na pale mtu anapanda kwa mikono, anavuta mizizi. Kifua kinawaka, maana kileleni hewa unayovuta ni kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani. Tulifika. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, Ziwa Kivu hatukuliona, tukapiga picha zetu nyeupe, tukala mandazi.

Njia nzima nilikuwa nikimfikiria koko, baba ya mama yangu. Aliwinda kwenye milima hii kabla ya mwaka 1970, kabla haijatangazwa kuwa Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Leo kuwinda mle ni marufuku, nami nakubaliana na marufuku hayo. Masokwe wa kwetu wangekwisha zamani. Ingawa siwezi kuandika hivyo bila kuwataja Batwa, walioishi ndani ya msitu ule na kutolewa kwa ajili ya hifadhi, wakaachwa pembeni bila ardhi. Koko alikuwa na shamba la kurudia. Wao walikuwa na msitu tu.

Hadithi zake za uwindaji hazikuwa na fahari niliyokuwa naisubiri nikiwa mtoto. Mimi nilitaka mkuki, mbwa, nguruwe pori anayegeuka na kushambulia. Yeye alikuwa anarudi daima kwenye mzigo. “Kuua nyama haiko kazi,” alikuwa anasema. “Kuitosha mu shimo, ile njo kazi.” Yaani kuitoa bondeni, hiyo ndiyo kazi. Mnyama aliyejeruhiwa hukimbilia chini, bondeni kwenye kijito, mahali ambapo pande zote zimesimama, na hapo ndipo anapofia. Kwa hiyo wawindaji wenye akili walikuwa wanaangalia kwanza mnyama amesimama wapi, wanajiuliza atatokea njia gani akiwa vipande mgongoni mwao. Kama hakuna njia, walimwacha aende. Walirudi mikono mitupu na hawakuona aibu.

Nyama ikipatikana, matumbo yalitolewa palepale, vipande vikapandishwa juu ya uchaga wa fito na moto wa moshi chini yake. Wakalala huko siku mbili, tatu. Zamani nilidhani walikuwa wanaizuia isioze tu. Sasa mapaja yamenifundisha hesabu ya pili: nyama mbichi karibu robo tatu yake ni maji, na maji hayo moshi unayaacha mlimani. Mtu anashuka na mzigo mdogo zaidi, nyama ya kula ileile.

Na kushuka ndiko kulikotumaliza sisi tuliokuwa na vibegi vya maji na mandazi. Unaposhuka, msuli wa paja unafanya kazi huku unanyooshwa, unazuia mwili usianguke, na kazi hiyo ndiyo inayouchanachana ndani. Maumivu yenyewe yanakuja kesho yake, mara nyingi kesho kutwa ndiyo kilele. Pisteri alishuka ubavuubavu, magoti yamelegea, hatua fupifupi, akiweka wayo wote chini. Vijana wawili wetu walishuka mbio kwa sababu kukimbia kulionekana rahisi. Leo wananitumia ujumbe wa sauti wa kulia.

Jioni, nikipanda kutoka soko la Kadutu kwa mwendo wa bata, nilikuwa nyuma ya mama mmoja mwenye gunia la makala, yaani makaa, mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Hatua zake zilikuwa zilezile za pisteri: fupi, wayo mzima, hana haraka. Alipopumzika hakukaa. Aliegemeza gunia kwenye ukuta, akabaki wima, akapangusa uso kwa kitenge. Nilimsalimia, “Pole na muzigo, mama.” Aliniangalia miguu akacheka: “Weye njo pole, mutoto. Ulitoka wapi?” Nikamwambia Kahuzi. Akataka kujua nilienda kuchukua nini kule. Nikasema sikuchukua kitu, nilienda kupanda tu. Alicheka zaidi, akarekebisha kamba, akaendelea na mlima wake.

Wenzangu wa kazini wanataka twende tena wakati wa kiangazi, udongo ukikauka. Nimekubali, ila nimewaambia mazoezi tunafanya hapa hapa kwenye ngazi za Kadutu, na tunafanya ya kushuka. Mmoja ameuliza kama anaweza kuleta gunia. Alete.